Kiapo cha Mjomba Denis

Castlemaine, koloni ya Victoria
12 Februari 1888

Baba mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima, nikitumaini barua hii itakukuta mzima huko kijijini, na kwamba mazishi ya Nyanya yamekwisha kwa amani. Sisi hatujambo. Josie alikuwa na kikohozi wakati wa Krismasi. Kikohozi kimekwisha, limebaki domo, nalo halipumziki.

Bustani ipo. Jua limeunguza letusi zote, lakini kabichi za upande wa kijito nimeziokoa. Nazibebea maji kwa mzega wako, ndoo moja kila upande, asubuhi na jioni, mpaka bega limeota sugu. Mwanamke mmoja sokoni akaniambia, "Delia, sasa umekuwa Mchina kweli." Nikamjibu kwamba nimekuwa hivyo miaka kumi na tisa, yeye ndiye aliyechelewa kuona.

Mwezi uliopita zilikuwa sherehe za miaka mia tangu Waingereza watue Sydney. Hata huku Victoria, ambako si koloni ya Sydney, bendera zilitundikwa na watoto wakagawiwa maandazi. Mjomba Denis alikuja kwa treni kutoka Melbourne kutuona. Chama chao cha maseremala kinaandamana kila wiki kupinga Wachina wanaotengeneza makabati. Nilimwandalia chakula, nikamuuliza kama na wewe, Baba, umo katika wanaopingwa. Akasema, "Kam ni shemeji yangu. Tunaowapinga ni wale wengine." Nikamuuliza wale wengine ni akina nani. Akaomba aongezewe viazi.

Baba, magazeti hayaandiki kitu kingine siku hizi. Ukimaliza ya huko, usikawie. Shamba linakungoja na sisi tunakungoja.

Mwanao akupendaye,
Delia

* * *

Hong Kong
26 Machi 1888

Binti zangu Delia na Josie,

Mmekula? Mimi nimekula, na mwili hauna neno isipokuwa magoti.

Nyanya yenu nimemzika kilimani karibu na babu yenu. Nilifika akiwa bado anajua sauti yangu, basi nimeridhika. Lakini kijiji hakinijui. Miaka ishirini na saba si mchezo. Siku ya pili nilipotea njia ya kisimani, na watoto wakanifuata wakiiga ninavyotembea. Wananiita mgeni. Nimetoka ugenini kuja kuwa mgeni.

Keshokutwa napanda meli iitwayo Glenorra. Mwisho wa Aprili nitakuwa Melbourne. Msihofu magazeti. Hati yangu ya uraia nimeishona ndani ya koti, nayo inasema bayana: Lau Kam, mkulima wa mboga, Castlemaine, raia wa Malkia tangu mwaka 1871. Marehemu mama yenu alinifundisha kusoma kwa hati hiyohiyo, mezani, kidole chake juu ya kila neno.

Delia, kabichi usizipande tena mahali palepale. Geuza, panda maharage.

Baba yenu,
Lau Kam

* * *

Ndani ya meli Glenorra, ghuba ya Melbourne
28 Aprili 1888

Mwanangu Delia,

Mmekula? Sisi tunakula wali na chumvi. Hatujambo kwa afya, na neno hili nalisema mbele ya Mungu, kwa kuwa wametupandishia bendera ya njano kana kwamba tuna tauni. Hakuna mgonjwa hata mmoja humu. Wazungu wanne tuliokuwa nao wameshushwa jana na mizigo yao. Sisi, watu mia mbili na zaidi, tumeambiwa tukae.

Afisa alikuja akakagua hati zetu. Anasema Wachina wanauziana hati. Akaishika yangu akaniuliza, "Nitajuaje kwamba Lau Kam ni wewe?" Nikamwambia, "Niulize chochote cha Castlemaine." Akasema, "Mimi sijawahi kufika Castlemaine." Akaenda kwa mwingine.

Karani wake mmoja, mtu mwema, alinong'ona nami baadaye. Akasema akipatikana Mzungu mwenye nyumba na kazi, aape mbele ya hakimu kwamba ananijua, huenda nikashushwa. Padre aliyetufungisha ndoa amekwisha kufa. Amebaki Denis. Siku ile alisimama nyuma yangu kanisani, na yeye ndiye aliyeshika pete. Nenda kwake upesi. Inasemwa tutafukuzwa wiki hii.

Barua hii nampa mpishi wa meli, ndiye anayeruhusiwa kushuka.

Baba yako,
Lau Kam

* * *

Collingwood, Melbourne
1 Mei 1888

Baba mpenzi,

Nakuamkia. Sisi wazima. Josie nimemwacha kwa jirani Castlemaine, nami niko hapa kwa Mjomba tangu jana.

Jana nilikwenda mpaka gatini Williamstown. Mashua zote za kukodi zimekatazwa kukaribia meli. Nilisimama nikapunga shali nyekundu ya Mama. Nanyi mkapunga, wengi sana, ukingo mzima wa meli. Baba, naona haya kukwambia. Kwa umbali ule sikujua wewe ni yupi.

Mjomba nimemwambia yote. Aliketi kitako akaisoma barua yako mara mbili. Mazungumzo yetu nakuandikia kama yalivyokuwa, usije ukadhani nimeongeza.

Nilimwambia, "Unamjua au humjui?"

"Namjua, Delia. Nani kasema simjui?"

"Basi twende ukamwambie hakimu hivyo."

Akainamisha kichwa. Akasema Alhamisi chama kinamchagua katibu, naye ndiye anayetajwa, na akienda kwa hakimu leo, kesho itakuwa gazetini. "Ijumaa," akasema. "Ijumaa asubuhi, kabla sijanywa chai. Meli haiwezi kuondoka kwa siku tatu. Serikali yenyewe haijui ifanye nini."

Nikamwambia Mama angemwonea aibu. Akanijibu kwa upole kwamba Mama hakuwahi kulisha watoto sita kwa randa. Na hilo ni kweli. Ijumaa si mbali, Baba. Vumilia.

Mwanao,
Delia

* * *

Sydney, koloni ya New South Wales
9 Mei 1888

Mwanangu Delia,

Mmekula? Barua yako imetufuata mpaka huku, nimeipata leo. Yule aliyevua kofia akaipunga mara tatu ndiye mimi. Lakini huenda na wengine walipunga mara tatu.

Alhamisi mchana waling'oa nanga. Walisema Sydney watatupokea. Tulipofika tukakuta polisi wa maji wanatungoja, na mpishi anatuambia kwamba watu elfu nyingi waliandamana hadi Bungeni wakidai turudishwe tulikotoka. Usiku tunaziona taa za mji. Ni karibu kiasi kwamba tunasikia kengele za kanisa.

Afisa wa hapa ni mzee mpole. Aliisoma hati yangu mpaka mwisho, jambo ambalo yule wa Melbourne hakulifanya. Kisha akasema, "Hii ni ya Victoria. Hapa ni New South Wales."

Nikamwambia, "Malkia si ni mmoja?"

Akasema, "Malkia ni mmoja, mzee. Koloni ni sita."

Akanirudishia hati yangu kwa adabu sana, kwa mikono miwili.

Kiapo kikishakuwa tayari kilete huku. Mwambie Denis simlaumu. Mtu mwenye watoto sita hana miguu miwili kama wengine.

Baba yako,
Lau Kam

* * *

Castlemaine
14 Mei 1888

Baba mpenzi,

Nakuamkia, na naomba barua hii ikuwahi. Sisi kwa afya hatujambo.

Mjomba aliapa. Ijumaa asubuhi kabla ya chai, kama alivyoahidi, tulikwenda wote kwa hakimu. Wakati huo wewe ulikuwa umekwisha ondoka tangu jana yake. Tulijua, mimi na yeye, lakini tulikwenda vilevile. Aliandika kwamba anakujua miaka ishirini, kwamba wewe ni mume halali wa marehemu dada yake, mkulima, mtu mwaminifu asiye na deni wala kesi. Akatia sahihi. Karani akamwuliza kazi yake. Akasema yeye ni katibu wa tawi la maseremala. Alikuwa amechaguliwa kwa kura nyingi.

Nilikipeleka kiapo kwenye ofisi ya serikali Melbourne. Wakasema mtu huyu hayumo katika koloni, kwa hiyo hakuna la kuamua. Nikauliza akirudi je? Wakasema akirudi ndipo litaamuliwa kama anaweza kurudi. Niliwaomba warudie, labda sikusikia vizuri. Wakarudia.

Nakutumia kiapo chenyewe. Kishone kotini pamoja na hati.

Maharage yameota. Josie amekuchorea, nimetia humu. Huo mviringo ni kofia yako.

Mwanao,
Delia

* * *

Sydney
24 Mei 1888

Mwanangu,

Nimekula. Naandika kwa haraka. Kiapo nimekipata.

Mahakama imeamuru baadhi yetu washushwe. Walikuja kuita majina. Mtu akiitwa alikimbia hata bila mzigo wake, asije akaitwa mwingine. Aliitwa Lau mmoja, kijana mwenye hati za koloni hii, nami nikasimama kwa makosa. Askari akanishika bega akaniketisha.

Kesho tunarudishwa Hong Kong. Huko nitatafuta meli nyingine, sasa nina kiapo mkononi. Mwangalie mdogo wako.

Baba yenu,
Lau Kam

* * *

Kijijini
5 Septemba 1888

Binti zangu Delia na Josie,

Mmekula? Je, wazima? Hii ni barua ya tatu tangu nifike, na jibu sijapata. Najiambia ni posta. Posta ya huku hupitia mikono mingi.

Mwezi mzima wa Julai nilikuwa Hong Kong. Nilikwenda kwa kila wakala wa meli na hati yangu na kiapo cha Denis. Mmoja wao, Mchina mwenzangu, ndiye aliyenieleza. Wakubwa wa zile koloni walikutana Sydney wakakubaliana, na sasa nahodha akizidisha Mchina mmoja juu ya hesabu ndogo waliyoweka, anatozwa faini nzito. "Mzee," akasema, "nani atakupakia? Wewe ni hasara inayotembea." Nikamwonyesha kiapo. Akakisoma, akasema maandishi ni mazuri.

Kwa hiyo nimerudi kijijini. Nakaa katika chumba cha Nyanya yenu. Ndugu zangu ni wema, lakini wanangoja niseme nitaondoka lini, nami sina siku ya kuwatajia. Nimelima kipande kidogo nyuma ya nyumba. Jana nilimwita mtoto wa jirani "Josie" bila kufikiri, akakimbia.

Niandikieni hata mstari mmoja. Hata kama habari ni mbaya. Hasa kama ni mbaya.

Baba yenu,
Lau Kam

* * *

Collingwood, Melbourne
21 Oktoba 1888

Baba,

Nakuamkia, na naomba radhi. Barua zako zote tatu zimenifikia. Posta haina kosa. Kila mara nilianza kuandika nikachana.

Bustani hatuna tena. Mwezi wa sita mwenye ardhi alikuja akasema mkataba ni wa Lau Kam, na Lau Kam hayuko nchini wala hataruhusiwa kuwapo. Nikamwambia nimelima mimi miezi tisa. Akasema anajua, na kwamba nimefanya vizuri kwa msichana. Alitupa wiki mbili. Maharage hatukuyavuna. Mjomba Denis alikuja na mkokoteni akatuchukua, na tangu siku hiyo tunakaa kwake, watu kumi katika vyumba vitatu. Hajawahi kutuonyesha kwamba tumezidi. Ananyenyekea mbele yangu kupita kiasi, mpaka inanichosha.

Mwezi wa nane lilifunguliwa Onyesho Kuu la miaka mia, hapa Melbourne. Wamejenga ukumbi ambao ukiingia asubuhi hujaumaliza jioni, una taa za umeme, mashine, sanamu, vyombo vya kila taifa, hata vya China, Baba, vyungu vizuri watu wanavipangia foleni. Nimepata kazi ya kuandaa chai humo. Aliyeniandika, Bi Pargeter, aliniuliza jina. Mjomba alikuwa kando yangu. Hakuniambia niseme nini, nataka ulijue hilo. Nilisema Delia Tierney, kwa jina la Mjomba na la Mama.

Uso wangu unapita kama wa Kizungu, Baba. Wakinitazama sana nasema nyanya yangu alikuwa Mhispania. Wa Josie ni mgumu zaidi, lakini bado ni mtoto, na masista wa shuleni kwake wanampenda.

Siku moja tukisafisha vikombe Bi Pargeter akaniuliza, "Na baba yako yuko wapi?"

Nikasema, "Alikufa."

"Pole, mwanangu. Alikuwa seremala kama mjomba wako?"

"Alikuwa mkulima," nikasema. Hilo ndilo neno la kweli pekee nililomwambia.

Tangu siku ile kila mtu pale anajua baba yangu alikufa safarini, mwezi wa tano. Wasichana walinichangia utepe mweusi. Nilidhani nitaufunga siku mbili tatu, lakini nimeona kwamba sasa siwezi kuufungua. Kila siku naamka nikisema leo nitakuandikia. Unitukane ukitaka. Nitaisoma yote.

Mwanao,
Delia

* * *

Kijijini
27 Novemba 1888

Mwanangu Delia,

Mmekula? Nimefurahi kupata mkono wako.

Barua yako niliisoma, nikaenda shambani, nikarudi nikaisoma tena. Kukutukana sitakutukana. Ulikuwa na mzega mabegani na mtoto mkononi, na njia moja tu mbele yako. Mimi ndiye niliyekwambia kijijini nimekuwa mgeni. Huko pia nilikuwa mgeni, ila mama yenu alikuwapo, nikawa nasahau.

Sasa sikiliza, maana jambo kama hili likifanywa nusu huwaumbua watu.

Sema siku zote jambo lilelile. Kama ni mwezi wa tano, uwe wa tano. Kama ni homa, iwe homa. Usiongeze hadithi, anayeongeza ndiye anayesahau. Watu wa mama yenu ni Wakatoliki na mtaa mzima ni wa Wakatoliki. Wataona ajabu binti anayefunga utepe miezi yote hii bila kumwombea baba yake misa. Isomeshe, kabla mwaka haujaisha. Mwambie Denis akusaidie, hilo analiweza.

Josie umwambie kwamba ni kweli. Hapa nimekaa na kalamu muda mrefu. Ana miaka tisa. Mtoto wa miaka tisa hawezi kubeba siri, lakini msiba anaweza kuubeba. Nimeona watoto wengi wakiubeba.

Mimi sitaandika tena. Barua zenye stempu ya Hong Kong zikiingia nyumba ya katibu wa maseremala, mpelekaji barua ataanza kuhesabu. Hati na kiapo nimevichoma. Nilitaka kukurudishia, nikaona vitakuletea taabu.

Nina nyumba, nina ndugu, nakula. Usiwe na hofu nami.

Baba yako,
Lau Kam

* * *

Collingwood, Melbourne
30 Desemba 1888

Baba mpenzi,

Nakuamkia. Najua umesema basi, lakini hujasema mimi nisiandike. Hii nitaitia posta mwenyewe, mtaa wa mbali.

Wiki iliyopita Bunge la hapa nalo limepitisha sheria yake. Mjomba aliniletea gazeti, akaliweka mezani likiwa limekunjwa, akatoka.

Misa ilisomwa jana. Kabla ya kuanza padre aliuliza jina la marehemu, na kwa kuwa mimi ni Tierney, ikabidi nawe uwe Tierney. Nilisema William. Wakakuombea kama William Tierney, ndugu yake Denis. Chama cha maseremala kilileta shada la maua na watu wanane waliovaa mikanda ya chama, wakampa Mjomba pole mmoja mmoja. Yeye alipiga magoti mwanzo hadi mwisho, hata wakati wa kusimama. Mzee mmoja akamwinua, akamwambia, "Jikaze, Denis. Tuko nawe."

Josie nilikuwa nimemwambia siku tatu kabla. Alilia mpaka akapata homa, nami nikakaa naye nikimkanda maji, na mara mbili nilianza kumwambia ukweli, nikambadilishia kitambaa. Kanisani aliposikia jina alinivuta mkono akauliza William ni nani. Nikamwambia ndilo jina la baba la ubatizo. Akakubali. Anakubali kila kitu ninachomwambia.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani akaniuliza ulizikwa wapi, maana anataka kwenda kukupandia maharage. Mbele yetu walikuwa wakitembea wale maseremala, na Mjomba katikati yao. Nikamwambia hakuna kaburi. Nikamwambia meli haikuwa na mahali pa kutua, basi wakakuzika baharini.

Mwanao,
Delia